Mawili Kati ya Matatu

Siku hizi kifungo cha mkono wa shati kinanichukua muda. Mke wangu husimama mlangoni akinitazama, hasemi kitu, nami namwambia, "Sema."

"Niseme nini, Baba Neema? Vaa shati, kengele ya pili imeshalia."

Simwamini. Njiani kwenda kanisani namwuliza tena nimetembeaje leo, nimeyumba au sikuyumba, na jina la yule fundi aliyetuezekea jiko nilikumbuka mwenyewe au yeye ndiye aliyenikumbusha. Ananiambia nitamtia wazimu. Huenda. Lakini mimi najua kinachotokea mtu akiona kisha akanyamaza, kwa sababu niliwahi kuwa mtu huyo. Niliyemnyamazia ni Mkaguzi.

Tulimwita hivyo sote kiwandani Nyakato, wapakiaji, makarani na mafundi wa mashine, na hata mkewe marehemu nilimsikia akimwita hivyo. Alikuwa mkaguzi wa pamba. Mkulima akileta pamba yake, yeye ndiye aliyesema ni safi au ni fifi, na mjadala ukaishia hapo. Safi ilikuwa nyeupe, kavu, isiyo na majani. Fifi ilikuwa iliyopauka, iliyolowa, iliyochanganywa na takataka. Baada ya mashine kutoa mbegu, yeye tena ndiye aliyepima urefu wa nyuzi. Alichukua bonge dogo, akalivuta kati ya vidole gumba viwili, akalivuta tena, mpaka nyuzi zikalala sambamba kama nywele zilizochanwa, kisha akazilaza juu ya mkono wa koti lake jeusi na kuzitazama.

Koti hilo alilivaa hata Oktoba, jua la Mwanza likichoma mawe. Wageni walidhani ni majivuno. Lilikuwa chombo cha kazi tu, maana nyuzi nyeupe huonekana vizuri juu ya kitu cheusi. Jioni alijipangusa kwa brashi ya viatu, lakini pamba haikumwisha mwilini, na watoto wa majirani walikuwa wakimnyofoa nyuzi mgongoni bila yeye kujua.

Mimi niliingia pale nikiwa nimemaliza kidato cha nne, jambo nililolitaja mara nyingi kuliko ilivyohitajika. Siku ya tatu akaniita Kidato, na jina likashika.

"We Kidato, huko shuleni walikufundisha kunusa?"

"Hapana, mzee."

"Basi hujaanza shule."

Alikuwa na tabia ya kupanga kila kitu katika madaraja yake. Wali wa harusini ulikuwa fifi. Mahubiri ya mchungaji yalikuwa safi, "ila yana majani." Daraja la mtu alilitoa mara chache sana, tena baada ya kumjua miaka mingi, na wapakiaji walikuwa wakimchokoza: "Mkaguzi, mimi je?" Naye alikuwa akijibu, "Wewe bado hujapita mashineni."

Kwa pamba hakuwa na huruma, lakini kwa watu alikuwa nayo, na vitu hivi viwili vilimsumbua. Namkumbuka mama mmoja aliyekuja na mkokoteni wa ng'ombe kutoka upande wa Magu, na magunia yake yalikuwa mazito kupita kiasi. Mkaguzi akaingiza mkono hadi kwenye kiwiko, akatoa bonge, akalinusa macho yamefumbwa.

"Mayu," akamwambia, maana ndivyo tunavyomwita mama kwa Kisukuma, "pamba yako imeoga saa ngapi?"

"Imenyeshewa njiani, baba."

"Mvua ya wapi? Mbuzi wa huko wanalamba vumbi."

Watu wakacheka. Yule mama akaanza kulia, akasema ni mumewe aliyemwagia maji ili uzito uongezeke. Mkaguzi akasema ni fifi. Halafu akavua lile koti, akatandika turubai juani, akamsaidia kuimwaga pamba yote na kuigeuza kwa mikono kama watu wanaoanika mpunga. Siku nzima. Saa kumi akainusa tena na kusema, "Sasa ni safi. Mwambie mumeo pua yangu bado ipo."

Pua ilikuwa moja ya mambo yake matatu. Mengine yalikuwa vidole na miguu.

Kabla yetu kulikuwa na mkaguzi mwingine, mzee aliyemfundisha yeye. Mzee yule alianza kuangusha mabonge ya pamba. Akaanza kutembea akinyanyua miguu kama anayevuka mto usiojulikana kina chake. Akashindwa kutofautisha pamba iliyolowa na kavu. Kila mtu aliona. Lakini kwetu humwambii mzee kwamba amedhoofika. Unamtangulia. Akishika mzigo unauchukua kama vile ulikuwa unautaka wewe, na akikosea jina unalirudia lilelile kosa ili asione aibu. Hiyo ndiyo heshima tuliyofunzwa. Basi walimheshimu misimu miwili, mpaka siku moja asubuhi akasimama barabarani mbele ya kiwanda akiuliza wapita njia kiwanda kiko wapi.

Mkaguzi hakuisahau siku hiyo. Alishika imani kwamba mwili hutoa taarifa kabla ya akili, na kwamba taarifa hiyo hutoka mahali ambapo mwenyewe hatazami. Kwa hiyo kila msimu wa ununuzi alijipima, na alitulazimisha wote tuliofanya naye kazi kujipima. Kwanza alinyoosha nyuzi kwa vidole bila kuangusha. Pili alinusa mabonge matatu, macho yamefungwa kwa leso, ataje lililolowa. Tatu alitembea kutoka getini mpaka kwenye mizani huku mimi nikihesabu kwa sauti. Kwa miaka mingi alifika hesabu yangu ikiwa arobaini na kitu. Wapakiaji walisimama pembeni wakimshangilia kama wako mpirani, naye alipunga mkono.

Mwaka mmoja, baada ya kupiga hatua ya mwisho, alinishika bega. Alikuwa hatanii.

"Ng'wanawane," akasema, yaani mwanangu, neno ambalo hakuwa amewahi kuniita. "Hawa wote wataniheshimu. Wewe usiniheshimu. Siku ukiona yameharibika mawili kati ya matatu, uniambie. Usimwambie mkubwa wa kiwanda, usimwambie mke wangu. Mimi. Umesikia?"

"Nimesikia, mzee."

"Usiposema, nitajua niko sawa. Nitakutegemea hivyo."

Nikakubali. Ilikuwa rahisi kukubali. Alikuwa na mkono kama koleo.

Lazima niseme pia kwamba mtu huyu aliyejipima kila mwaka aliogopa sindano kuliko nyoka. Wauguzi walipokuja kiwandani kuchanja watu, tulimtafuta saa nzima tukamkuta ghalani amekaa katikati ya marobota. "Hospitali wanatazama ndani," alisema, "mimi natazama nje. Nje kukiwa safi, ndani wataka nini?" Tulicheka. Wakati huo lilikuwa jambo la kuchekesha.

Kisha ikaja soko huria. Hapo kabla pamba ilikuwa na mlango mmoja, chama cha ushirika. Sasa kila mwenye lori akawa mnunuzi. Walijipanga barabarani kutoka Igoma kuelekea Magu, na mizani yao imening'inia kwenye miti mitatu iliyofungwa kamba. Hawakunusa, hawakuvuta nyuzi. Walipima na kupakia kabla jirani yao hajawahi. Ukileta fifi walichukua, ukileta safi walichukua, zote gunia moja. Kiwanda chetu nacho kikapata mmiliki mpya, na mmiliki akamleta meneja kijana kutoka Dar es Salaam, mtu mwenye adabu, anayetembea haraka, asiyekaa kwenye kiti mpaka mwisho wa mazungumzo.

Msimu huo huo wa kwanza wa wanunuzi binafsi ndipo nilipoyaona.

Vidole vilianza. Aliangusha bonge, akaliokota, akalitazama kama lililomtukana. "Nina ganzi," akasema, "nimelalia mkono." Wiki iliyofuata alikuwa amelalia mikono yote miwili. Alilalamika ulimi unawaka, akalaumu nanasi. Viganja vyake vilikuwa vimepauka. Niliviona vyeupe pembeni mwa koti na nikatafuta kitu kingine cha kutazama. Siku ya kujipima nilihesabu kama kawaida, na nilipofika arobaini na tano alikuwa bado yuko nusu ya njia, miguu ameipanua, macho yanatazama ardhi. Wapakiaji hawakushangilia. Nikafanya jambo ambalo silisahau: nikapunguza mwendo wa kuhesabu. Nilivuta kila namba mpaka alipofika, nikamaliza kwa hamsini.

"Hamsini?" akauliza akihema.

"Hamsini, mzee. Jua kali."

"Na ile nyingine?"

Bonge lililolowa alikuwa amelitaja sawasawa. Pua ilikuwa bado nzima.

"Pua safi," nikasema.

Vidole na miguu vilikuwa vimeharibika. Mawili kati ya matatu. Alisimama pale ananitazama usoni, anasubiri, nami nikaichukua ile leso, nikaikunja, nikampa maji.

Kwa muda mrefu nilijidanganya kwamba ilikuwa heshima. Niliyachukua mabonge mikononi mwake kama ninayeyataka mimi. Nilitembea mbele yake polepole ili asijione anachelewa. Kama ningeishia hapo, leo ningekuwa na kosa ambalo kila mtu wa kwetu angelielewa. Lakini sikuishia hapo.

Meneja aliniita ofisini. Alikuwa amesimama, funguo za gari mkononi.

"Huyu mzee wako bado anafaa?"

"Anachoka kidogo, bosi."

"Anachokaje?"

Nikamwambia. Nilimweleza vidole, nikamweleza miguu, tena kwa mpangilio mzuri kabisa wa mtu aliyefika kidato cha nne, hata ile arobaini na tano ya nusu ya njia nilimtajia. Yale niliyokabidhiwa nimwambie mtu mmoja, niliyamaliza yote kwa mwingine.

"Na wewe kazi yake unaiweza?"

"Naiweza."

Hakunishika mkono kwa nguvu, hakunitisha, hakuniahidi makubwa. Nilikuwa na miaka thelathini na tisa, nimechoka kuwa msaidizi, na niliitaka ile meza. Sina maelezo mengine, na kila nikijaribu kuyatafuta naona nazunguka palepale.

Mkaguzi aliambiwa kampuni haihitaji tena ukaguzi wa namna yake. Alikuja mezani, akafungua droo, akatoa brashi yake ya viatu na leso. Koti akalivua, akanipa.

"Litakukaa kubwa. Utanenepa."

"Mzee, pole sana."

"Pole ya nini? Ningekuwa mimi ndiye nimeharibika, ungeniambia." Akanipiga bega kwa mkono wake ule wenye ganzi, na ukateleza kidogo. "Hukusema. Kwa hiyo si mimi, ni soko."

Akatembea mpaka getini. Sikuhesabu.

Na ile meza? Katika msimu uliofuata kampuni iliacha kabisa kupanga madaraja. Nilikaa hapo na koti la mtu, pamba safi na fifi zikipita pamoja mbele yangu kuelekea mashineni, na hakuna aliyeniuliza neno.

Alihamia kwa binti yake Magu, mwalimu wa shule ya msingi. Habari zilinifikia vipandevipande: ameanguka akichota maji, ameita mjukuu kwa jina la marehemu mke wake, anatembea ameshika ukuta. Watu walisema ni uzee. Mimi nilisema hivyo pia, kwa sauti kubwa kuliko wengine. Karibu miaka miwili baada ya kuondoka kwake alianguka vibaya, binti akamleta hospitali mjini, nami nikaenda kumwona. Ndipo nilipomsikia daktari akimweleza binti, kwenye korido, nikiwa nimesimama hatua mbili nyuma na chungwa mkononi.

Walikuwa wamempima damu. Alisema mwili wa mzee ulikuwa umeacha kupokea kirutubisho fulani kutoka kwenye chakula, kwa muda mrefu, hata akila vizuri. Kikikosekana, damu hupungua, ulimi huwaka, mishipa ya fahamu ya vidole na miguu huumia, na mwisho ubongo nao huumia. Dawa yake ni sindano.

"Kwa hiyo si uzee?" binti akauliza.

"Uzee upo pia. Siwezi kukutenganishia hiki ni uzee, hiki ni ugonjwa. Vidole vitarudi kiasi, miguu kiasi. Kichwa, tutaona."

"Na angekuja mapema?"

Daktari alikuwa mtu mwangalifu. Alivua miwani. "Kama mtu angemleta dalili zilipoanza, ningekuwa na matumaini zaidi. Hakuna aliyeona chochote?"

"Hakuna," akasema binti. Akanigeukia. "Au wewe ulimwona, kaka? Ulikuwa naye kila siku."

"Alikuwa anachoka tu," nikasema.

Nikampa lile chungwa, nikaondoka.

Hiyo ndiyo mara ya pili niliyonyamaza. Sikuweza kulala vizuri wala kukaa vizuri. Nilianzisha safari za kwenda Magu nikashukia Igoma na kurudi kwa miguu. Nilimwambia mke wangu nina vidonda vya tumbo. Nikaacha kiwanda, nikafungua duka dogo la vifaa vya baiskeli, na lile koti nikalitundika chumba cha nyuma nikalifunika kwa mfuko wa nailoni, kama vile lingeweza kunitazama.

Mwaka wa pili wa sindano, yule binti akaja dukani. Alikuwa amevaa nguo za kazi, viatu vina vumbi la safari.

"Kaka, nimekuja kukuomba. Baba anakataa sindano."

"Anaogopa. Tangu zamani."

"Si kuogopa. Mwaka wa kwanza alikubali, vidole vikarudi, hata shati anafunga mwenyewe. Sasa ni mwezi wa tatu anamfukuza nesi. Anasema yeye si mgonjwa, kwa sababu Kidato hajamwambia." Akanitazama. "Kidato si wewe?"

Nikasema ni mimi.

"Basi twende ukamwambie chochote. Nesi anakuja kesho mchana. Daktari amesema akiacha, kilichobaki kichwani kitaondoka."

Nilichukua koti nikalitia kwenye mfuko.

Kesho yake mchana tulimkuta kibarazani, juu ya mkeka. Amekonda, nywele nyeupe tupu, macho safi kabisa. Mapajani alikuwa na mto uliopasuliwa pembeni, naye anachomoa pamba kidogo kidogo, anaivuta kati ya vidole gumba, anailaza juu ya goti.

"Mto wa nne huu," binti akaninong'oneza.

"Shikamoo, mzee."

"Marahaba. Unatoka wapi?"

"Nyakato."

"Nyakato! Unamjua kijana mmoja anaitwa Kidato?"

"Namjua."

"Mwambie aje. Nilimpa kazi." Akamnyooshea binti yake kidevu. "Hawa hapa wananiheshimu sana, hawaniambii kitu. Wananidunga tu. Kidato haheshimu mtu. Akisema nimeharibika, nitakubali. Hajasema. Kwa hiyo niko sawa."

Binti akanitazama kama kusema, haya.

"Mzee, Kidato ni mimi."

Akacheka, cheko lake lilelile la ghalani. "Wewe? Wewe ni mtu mzima. Kidato ni kijana mwembamba, anajisifu."

Nikalitoa koti kwenye mfuko, nikalivaa. Lilinikaa sawasawa. Akanyoosha mkono, akashika ukosi, akapapasa mkono wa koti mpaka kwenye pindo, na kutoka kwenye mshono akanyofoa uzi mmoja wa pamba uliokuwa umebaki humo miaka yote hiyo. Akauinua juani.

"Kidato," akasema.

"Naam."

"Umekuja kuniambia?"

"Nimekuja kukuambia, mzee. Mawili kati ya matatu. Vidole na miguu."

Akaitikia kwa kichwa, taratibu, kama mtu anayepokea mzigo na kupima uzito wake. "Tangu lini?"

Pale ningeweza kusema tangu mwezi uliopita. Asingejua. Binti yake alikuwa amesimama nyuma yangu na asingejua pia, na sindano ingechomwa vilevile.

"Tangu msimu wa kwanza wa wanunuzi binafsi. Ile hamsini nilikudanganya. Halafu nikamwambia meneja, sikukuambia wewe. Nilitaka meza yako."

Nyuma yangu nilisikia binti akirudi hatua moja. Mpaka leo hajasema neno juu ya hilo. Tukikutana tunasalimiana na kila mtu anapita.

Sijui Mkaguzi alielewa kiasi gani. Alikuwa ameshika uzi ule, akauvuta kati ya vidole gumba, ukalala sawa, akauweka juu ya mkono wa koti jeusi nililolivaa mimi. Akauinamia. Halafu akanyanyua macho, akanitazama mimi, si uzi.

"Fifi," akasema.

Alilisema bila hasira, kwa sauti aliyokuwa akiitumia mizani ikiwa tayari na foleni inasubiri. Kisha akasukuma mto pembeni, akanyoosha mkono wake wa kushoto mbele yangu.

"Mwite huyo nesi. Na unifungulie kifungo, Kidato, vidole vimeanza tena."

Nikakishika kifungo. Kilikuwa kidogo, kikaniteleza mara mbili, na yeye, huku akinisubiri, akaanza kuhesabu kwa sauti.